Wachapaji wa Tanga, nani kawaambia mapengo katikati ya mistari ndiyo unadhifu?

Wakuu, nina hasira, mnivumilie.

Nilipeleka kijitabu cha historia ya ukoo wetu kwenye duka moja la uchapaji hapa Ngamiani, kipangwe kwa safu mbili. Jana nimekabidhiwa mzigo. Kila ukurasa una mapengo kama mdomo wa mtoto wa darasa la kwanza! Kuna mstari una maneno matatu tu, "Mzee na wenziwe", yamevutwa ukingo hadi ukingo, kisa neno lililofuata ni "waliowatangulia" na halikuenea. Safu nyembamba, nafasi za kutanua mbili tu. Mchapaji alitegemea nini?

Namuuliza, ananijibu, "Kaka, kompyuta inapanga yenyewe, halafu Kiswahili kina maneno marefu."

Kiswahili kimeingiaje hapo? Ni lugha rahisi mno kukata: silabi karibu zote zinaishia na irabu, wa-li-o-wa-ta-ngu-li-a, chagua pa kuweka kistari. Yeye faili kaliacha lisomeke kama Kiingereza, na ukataji wa maneno kauzima. Nikamwambia auwashe. Ikatoka "waf-uasi" na "ng'-ombe". Jamani!

Na hiyo "inapanga yenyewe" ndiyo uvivu wenyewe. Programu za kawaida za ofisi hujaza mstari mmoja mmoja: neno likienea linaingia, lisipoenea linashushwa, mstari umefungwa, wa chini utajijua. Wataalamu wa kompyuta Knuth na Plass walishachapisha dawa yake mwaka 1981: pima aya nzima kwanza, ndipo uamue mistari ikatike wapi. Kwenye TeX, programu ya Knuth ya kupangia kurasa, kila mstari hupewa alama za ubaya. Mtanuko wa nafasi ukiongezeka mara mbili, ubaya unapanda mara nane. Ndiyo maana inakubali kubana kidogo mstari wa kwanza ili wa nne usiachame. InDesign, programu nyingine ya kupangia kurasa, nayo inaweza kupima aya nzima. Na huyu bwana InDesign anayo, nimeiona kwa macho yangu, anapangia kadi za harusi!

Hela iliyobaki silipi mpaka apange upya. Aiambie programu kuwa hiki ni Kiswahili, akate kwa silabi, na safu mbili zikimshinda aache ukingo wa kulia upinde upendavyo. Kwani nani kamwomba aunyooshe?

Mods msiuunganishe uzi huu na ule wa bei za steshenari. Mwenye kumjua mchapaji, Tanga mjini au hata Muheza, anayesoma ukurasa kabla ya kuuchapa, anitumie ujumbe.