Naombeni ushauri: kuosha na kukausha gari jeusi nje bila kuharibu rangi (Mwanza)

Mkazi wa Buswelu
Mwangaluka wakuu. Nina Harrier nyeusi, nimeinunua kwa mtu hapa hapa mjini. Sina gereji, gari linalala nje, na njia ya kuingia kwangu ni vumbi tupu msimu huu wa kiangazi. Likiwa kivulini linaonekana safi kabisa. Likitoka juani, boneti na mlango wa dereva vimejaa mikwaruzo midogo midogo ya mviringo, imeelekea kila upande. Vijana wanaoosha magari mtaani kwetu wana ndoo moja, sabuni ya unga ya kufulia na fulana kuukuu. Wanaanza na rimu, wanamalizia boneti kwa maji yale yale.

Sasa nataka niwe naosha mwenyewe nyumbani. Nina bomba la MWAUWASA, na maji yakikatika nachota kisima cha jirani. Nioshe kwa kitu gani, saa ngapi, na nikaushe vipi? Maana hata nikimwagia maji matupu bado madoa meupe yanabaki. Na mikwaruzo iliyopo inatoka? Gari hili nalipenda na nataka lidumu.

Dereva wa Kirumba
Mkuu usijitese. Shusha gari ufukweni asubuhi, maji ya ziwa hayana chumvi, hayaachi madoa. Nusu saa umemaliza.

Dada wa Ilemela
Kaka Dereva, hapo hapana. Ni kweli maji ya ziwa ni laini, lakini bomba la mkazi mwenzetu linaleta maji hayo hayo ya ziwa yakiwa yameshasafishwa, sasa gari lishuke ufukweni kufuata nini? Oili, grisi na sabuni vinabaki pale watu wanapochota maji na watoto wanapoogelea. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inazuia ndani ya mita 60 za ukingo wa ziwa shughuli za kudumu na zile zinazoweza kuharibu mazingira yake. Halafu kusimama kwenye maji ya kina kifupi huku kwetu ni kujitafutia kichocho. Tafadhalini, tuoshee nyumbani.

Fundi Rangi Nyakato
Naungana na dada. Sasa nije kwa mwenye uzi.

Shida yako naiona kila mara kwenye kazi yangu. Sabuni ya unga ni mbaya, lakini kinachokwaruza ni vumbi. Mchanga wetu wa Mwanza unatokana na haya haya mawe ya granaiti tunayopigia picha, na ndani yake mna punje za kwatsi, ambazo ni ngumu kuliko kioo, sembuse rangi. Kijana akipitisha fulana juu ya boneti lenye vumbi, anasugua rangi kwa mchanga ule. Na klia ya kiwandani, yaani ule utando angavu unaopakwa juu ya rangi kuikinga, kwa kawaida ina unene wa maikroni 40 hadi 50 hivi, wakati unywele wa mtu una kama 70. Huna akiba kubwa ya kupoteza.

Kwa hiyo kitambaa kisiguse gari mpaka maji yameshaondoa vumbi. Mwagia gari lote kuanzia kwenye paa, maji ya kutosha. Paka povu la shampuu ya gari, liache dakika chache lilegeze uchafu bila kukauka, kisha suuza. Kama una mashine ya presha, itumie hapa, ila ncha isikaribie rangi chini ya sentimita 30, na usiielekeze mahali palipoanza kubanduka.

Hapo ndipo ushike ndoo mbili. Moja ya shampuu, nyingine maji matupu. Chovya glavu ya maikrofaiba kwenye shampuu, osha kipande kimoja kwa mistari iliyonyooka bila kuzungusha mkono, halafu ikung'ute vizuri kwenye maji matupu kabla ya kuirudisha kwenye shampuu. Ukimaliza upande mmoja, mwaga taratibu ile ndoo ya maji matupu uangalie chini: utaona mchanga mweusi laini umetulia. Wote huo ungekuwa umerudi kwenye mlango wako. Anza na paa, vioo, boneti, nusu ya juu ya milango, na umalizie sehemu za chini na bampa ya nyuma. Rimu ziwe na ndoo yake na kitambaa chake, kwa sababu vumbi la breki lina chembe za chuma. Kitambaa kikikudondoka chini, kiweke pembeni kabisa, hata kama unakiona kisafi.

Muda: asubuhi kabla ya saa mbili, au jioni jua likishapoa. Weka kiganja kwenye boneti. Kama lina joto, subiri. Juani sabuni inakauka kabla hujaisuuza, na tone la maji linakauka na kuacha madini yake pale pale, ndiyo hayo madoa meupe. Tumia kivuli cha nyumba. Chini ya mwembe utapata utomvu na vinyesi vya ndege, na kinyesi kikikaa juani kinaila rangi, hivyo ukikiona kilowanishe ukitoe siku hiyo hiyo.

Kukausha sasa, maana hapa ndipo wengi wanaharibu kazi nzuri waliyoifanya. Toa ile ncha ya mpira wa maji, acha maji yatiririke taratibu kuanzia kwenye paa. Yasipokuwa na presha yanashikana na kushuka pamoja, gari linabaki na matone machache tu. Tandaza taulo kubwa la maikrofaiba juu ya boneti, lipigepige kwa kiganja, linyanyue. Lile taulo linanyonya lenyewe, huna haja ya kusugua. Taulo la kuogea, kanga kuukuu na ule mpira wa kufutia vioo visiguse rangi. Na usilikaushe kwa kuliendesha, barabara itakurudishia vumbi juu ya maji.

Kuhusu mikwaruzo iliyopo: ukipitisha ukucha na haukwami, mingi inatoka kwa polishi ya mashine. Lakini kwanza fungua boneti, tafuta kibati chenye namba ya gari, angalia palipoandikwa COLOR. Ikiwa 202, Toyota nyingi nyeusi za namba hiyo hazina klia juu, ni rangi tupu, na ni laini. Fundi akipiga polishi kitambaa kitatoka cheusi, kwa sababu anachopunguza ni rangi yenyewe. Bado inang'arishwa, ila kwa mkono mwepesi na si kila mwezi.

Mzee wa Pasiansi
Mimi natumia sabuni ya maji ya kuoshea vyombo miaka yote, gari langu jeupe halina tatizo.

Fundi Rangi Nyakato
Shikamoo mzee wangu. Gari jeupe lina mikwaruzo hiyo hiyo ila haionekani kirahisi. Sabuni ya vyombo imetengenezwa kuondoa mafuta, kwa hiyo inaondoa na nta inayokinga rangi. Ukiitumia siku ambayo unapaka nta mpya, sawa. Kila wiki, unaiacha rangi uchi chini ya jua letu hili.

Mzee wa Pasiansi
Marahaba. Nimekuelewa, nitatafuta shampuu.

Mpita Busisi
Na wadudu je? Navuka Kigongo–Busisi mara kwa mara kwenda Sengerema, jioni wale wadudu wa ziwani wanapanda juu kama moshi. Bampa na kioo cha mbele vinajaa.

Dada wa Ilemela
Lowanisha taulo, litandaze juu ya bampa likae dakika kumi hivi, watalegea na kutoka kwa glavu. Ukiwaacha mpaka kesho juani wanagandamana, na wakitoka wanaacha alama. Usitumie sifongo la sufuria hata kidogo! Nimeona bampa ya jirani ilivyofanywa na hilo sifongo, inauma kuangalia.

Mkazi wa Buswelu
Wakuu nimefungua boneti, ni 202 kweli. Maswali mawili. Asubuhi kabla ya kwenda kazini huwa nafuta vumbi kwa kitambaa kikavu, naona ni jepesi tu. Na kava la gari litanisaidia, kwa kuwa linalala nje?

Fundi Rangi Nyakato
Vumbi jepesi likifutwa kavu linakwaruza vile vile. Futa vioo uone barabara, mwili wa gari uache mpaka siku ya kuosha. Gari lenye vumbi halijaharibika, linasubiri maji tu. Kava ni zuri likivalishwa gari safi na kavu mahali pasipo upepo. Kwako penye vumbi na upepo wa ziwa wa mchana, litakuwa linapigapiga huku mchanga umeingia kati. Bora utafute kibanda cha mabati manne.

Mpita Busisi
Na maji ya kisima? Yangu yanaacha madoa hata nikikausha haraka.

Fundi Rangi Nyakato
Osha kwa ya kisima, suuza mwisho kwa ndoo moja au mbili za bomba au za mvua. Madoa yaliyokwisha kukaa, changanya siki nyeupe na maji nusu kwa nusu, pitisha kwa maikrofaiba kwenye bodi iliyopoa, usiache ikauke, suuza kwa maji mengi, halafu paka nta upya pale. Kama hayatoki, yameshaingia kwenye rangi, hapo ni polishi.

Mkazi wa Buswelu
Shukrani sana fundi. La mwisho: bampa ya mbele imepigwa rangi wiki iliyopita. Nayo niipake nta nikimaliza kuosha?

Fundi Rangi Nyakato
Hapana, hiyo iache. Rangi ya gereji inaendelea kutoa viyeyushi vyake hata ikishakauka kwa juu, na nta inaviziba ndani. Subiri angalau siku 30, na umuulize aliyeipiga ametumia rangi gani. Kwa sasa ioshe kwa maji na shampuu kidogo, kwa mkono, mashine ya presha isiikaribie. Nta weka sehemu nyingine zote.