Laptop ya RAM GB 2: nitumie kihariri gani cha kuandikia programu?

Dogo wa Uyole: Shikamooni wakuu. Najifunza HTML na Python kwa laptop kuukuu ya Windows. Nikifungua Visual Studio Code, feni inalia kama mashine ya kusaga. Nihamie vscode.dev ya kwenye brauza?

Fundi Mwanjelwa: Marahaba. Hiyo Visual Studio Code imejengwa juu ya Electron, yaani unabeba brauza nzima ndani ya programu. Vscode.dev haina terminali (dirisha la kuandikia amri), na brauza nayo inakula RAM. Weka Python, kisha kihariri chepesi kiitwacho Geany: F5 tu, programu yako inakimbia. Notepad++ pia nyepesi.

Wa Tukuyu: Codespaces, huduma ya mtandaoni ya GitHub, inafanyia kazi kwenye seva, laptop inapumua. Ila huku kwetu mvua ikishika, mtandao ni bahati.

Dogo wa Uyole: Geany imefunguka fasta. Sura yake sasa, duh!