Naombeni ushauri: kesho nafundisha hali za maada, nimekwama

Mwalimu Mgeni
Wakuu, habari zenu. Kesho asubuhi nafundisha hali za maada. Yabisi ina umbo na ujazo wake, kimiminika kina ujazo ila hufuata umbo la chombo, gesi hujaza chombo chote. Wanafunzi wamekariri hayo vizuri, lakini ukiwauliza kwa nini, kimya. Nataka jaribio la kuwaonyesha. Usingizi sipati.

Fundi Chembe
Anzia kwenye chembe. Za yabisi zimeshikana, zinatetemeka palepale. Za kimiminika bado zimekaribiana ila zinapishana. Za gesi zimeachana mbali, zinakwenda kasi kila upande. Chukua bomba la sindano lisilo na sindano, vuta hewa, ziba tundu kwa kidole, sukuma: hewa inabonyea. Rudia kwa maji: yanagoma. Hapo wataona ile nafasi kati ya chembe.

Binti Jua
Mbona mnahesabu tatu tu? Plazma je, yaani gesi ambayo atomi zake zimenyang'anywa elektroni? Jua ni plazma, mmweko wa radi pia. Mwanasayansi Langmuir aliipa jina hilo 1928. Na 1995 wanafizikia Cornell na Wieman walipoza atomi za metali ya rubidiamu hadi karibu kabisa na sifuri halisi, yaani baridi ya mwisho kabisa, wakapata hali nyingine ya maada, mgando wa Bose-Einstein, iliyotabiriwa na Einstein miaka 70 nyuma akifuata kazi ya mwanafizikia Bose. Mimi nilimaliza shule bila kuambiwa haya, na mpaka leo inaniuma.

Mwalimu Mgeni
Asante, ila nina kipindi kimoja tu, na bomba la sindano wameshaliona. Nimepanga kutumia barafu kavu, yaani kaboni dayoksaidi iliyogandishwa.

Fundi Chembe
Utaifanyia nini hasa?

Mwalimu Mgeni
Naitia kwenye chupa ya glasi, nafunga kifuniko, waone ikigeuka gesi bila kupita kwenye kimiminika. Nisipofunga gesi itatoka, nitaonyesha nini? Chupa yenyewe nene, na wanafunzi nimeshawaahidi. Barafu ipo kwenye friza tangu juzi.

Mzee Baraka
Mwalimu, watoto wa watu ni amana. Ahadi ya namna hiyo ivunje tu.

Fundi Chembe
USIFUNGE! Gramu 1 ya barafu kavu hutoa karibu nusu lita ya gesi. Gramu 100 ni kama lita 50, utazibana kwenye chupa ya lita 1? Itapasuka, vioo viwarukie usoni. Halafu shinikizo likipita kama mara 5 ya hewa ya kawaida, kaboni dayoksaidi inaweza kuyeyuka ikawa kimiminika. Kifuniko chako kinaua hilohilo unalotaka waone.

Sina Haraka
Jamani, hii si chai? Barafu kavu hugeuka gesi kwenye nyuzi -78.5. Friza ya kawaida iko kwenye -18 hivi. Ya tangu juzi ingekuwa imekwisha.

Binti Jua
Hata mimi nimeanza kushtuka. Mtoa mada, hiyo barafu unayo kweli?

Mwalimu Mgeni
Ninayo. Imo kwenye boksi nene la povu, boksi ndilo liko kwenye friza. Imepungua sana, kimebaki kipande kidogo kuliko ngumi. Sina sababu ya kuwatungia hadithi usiku huu.

Fundi Chembe
Basi toa boksi humo sasa hivi, mfuniko usikaze, na ufungue madirisha. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, hutuama chini na kukosesha watu pumzi. Kesho tumia chupa ya plastiki, tia gramu 2 au 3, vesha puto mdomoni. Puto litavimba, na chupa haitakuwa na tone la maji ndani. Vaa glavu nene, usiiguse kwa mkono mtupu.

Mwalimu Mgeni
Puto nakubali. Ila glasi inaonyesha vizuri zaidi.

Fundi Chembe
Glasi hupasuka kwa baridi ya ghafla. Plastiki angavu inaonyesha vilevile.

Mwalimu Mgeni
Sawa, plastiki. Kitakachobaki nikimwage kwenye sinki?

Fundi Chembe
Hapana, baridi yake itapasua sinki. Kiache nje penye upepo, mbali na watoto, kiishe chenyewe.