Naombeni ushauri: nataka kumshtaki Sungura darasani

Mwalimu wa Zamu:
Wadau, habari za wakati huu. Nafundisha watoto wa miaka 11 na 12, wako 42. Wiki ijayo nataka tuendeshe kesi ya Sungura, ile hadithi ya asali. Anamwambia Buku, yule panya mkubwa, kuwa baba yake amefariki na kumwachia mzinga, wanapanda mbuyu, Simba, anayedai asali ni yake, anatokea chini kuuliza ni nani huko juu. Sungura anaviringishwa kwenye majani makavu, anatupwa chini na kutokomea. Buku analiwa. Baadaye anarudia mchezo uleule na Kobe.

Muhula uliopita tulimshtaki mbwa mwitu aliyemla bibi wa yule msichana wa kofia nyekundu. Kesi ilikufa ndani ya dakika kumi. Shahidi wa kwanza hajamaliza, darasa zima linapiga kelele "Ana hatia!" Mtoto aliyekuwa mshtakiwa alilaza kichwa juu ya dawati, hakukiinua mpaka kengele ilipolia. Bado inaniuma. Nifanyeje safari hii?

Karani Mstaafu:
Mwalimu, kwa mbwa mwitu hapakuwa na cha kubishania. Hii ya Sungura ni tamu, ila chagua shtaka moja tu: wizi wa asali. Kifo cha Buku kiache.

Mwendesha mashtaka athibitishe kwamba asali ilikuwa ya Simba, na kwamba Sungura aliichukua akijua si yake. Sasa tazama: nyuki wamejiwekea asali wenyewe ndani ya shimo la mti porini. Simba ana ushahidi gani zaidi ya kunguruma? Na huo urithi wa Sungura, nani aliushuhudia? Hapo watoto watagombana kwa hoja mpaka uwasihi wanyamaze. Waambie mapema kwamba mzigo wa kuthibitisha uko upande wa mashtaka. Sungura si lazima athibitishe kwamba hana hatia.

Mama Chaki:
Nimefanya mara tatu. Kinachoharibu ni shahidi anayetunga. Kwangu Simba alidai ana picha aliyopiga usiku! Tangu siku hiyo kila shahidi nampa maelezo ya maandishi, nusu ukurasa: alichoona na kusikia mwenyewe, basi. Akiongeza lake, wakili anasimama: "Napinga, Mheshimiwa, hayamo kwenye maelezo yake." Watoto wanalipenda mno hilo.

Wafanyishe mazoezi ya maswali pia. Wakili hamtilii shahidi wake jibu mdomoni. "Ulimwona Sungura juu ya mti, sivyo?" ni swali la kuulizwa na upande wa pili, wakati wa dodoso, yaani unapomhoji shahidi wa wapinzani.

Kwa 42, kila shahidi apate mawakili wake kutoka pande zote mbili. Waliobaki ni waamuzi, na kila mmoja aandike uamuzi na sababu kabla ya kusema neno na jirani yake. Kelele zitaisha.

Jicho la Tatu:
Msimsahau Kobe. Yeye ndiye shahidi wa mashtaka aliyepanda mti na Sungura na bado yu hai, lakini naye alikula asali! Ushahidi wa mshiriki wa kosa hupokelewa kwa tahadhari, kwa hiyo dodoso lianzie hapo.

Na mshtakiwa, mwalimu: usimpe mtoto ambaye wenzake humtania. Weka wawili wapokezane, wavae masikio ya karatasi. Kabla hukumu haijasomwa, masikio yavuliwe na kuwekwa kizimbani. Yahukumiwe masikio.

Mwalimu wa Zamu:
Masikio nayachukua, asante sana. Waamuzi wakigawanyika je?

Karani Mstaafu:
Hakimu asome kura zilivyo na sababu za pande zote. Kama mashtaka hawakuondoa shaka, Sungura anaachiwa, hata kama sote tunamjua.

Mwalimu wa Zamu:
Nimeshaandika maelezo ya Kobe. Kwenye hadithi anauliza asali ni ya nani, anajibiwa ni ya baba yake Sungura. Naona pande zote mbili zitaligombea jibu hilo. Narudi Ijumaa na hukumu.