Betri ya sola ya mama imekufa tena, nipeni shauri

MtuWaKayole:
Wakuu, mimi niko Kayole, mama yuko kijijini upande wa Mwingi, nguzo za stima hazijafika kwake. Mwaka jana nilimnunulia mama pale Luthuli Avenue, Nairobi, paneli ya wati 50, betri ya asidi ya 12V 100Ah (Ah ni kiasi cha umeme inachoweka) na inveta ya kugeuza umeme wa betri uwe kama wa stima. Anawasha taa nne na TV ndogo, na majirani huleta simu zao kuchaji. Siku hizi TV inazima hata taarifa ya saa moja haijaanza. Muuzaji anasema ninunue betri ya 200Ah. Nifanye nini?

InjiniaWaSola:
Usinunue kwanza. Tupige hesabu. Taa nne za wati 5 kwa saa tano ni Wh 100 (yaani wati mara saa). TV ya wati 25 kwa saa nne, 100 nyingine. Simu tano, weka 60. Jumla 260. Paneli yako, kwa saa tano za jua la nguvu na ukitoa kinachopotea, haifikishi hata 200. Betri imekuwa ikilala njaa kila siku, na ya asidi ikilala njaa, salfeti huganda kwenye sahani zake. Hapo hairudi. Ukileta ya 200Ah umeongeza mdomo nyumbani na unga ni ule ule. Ongeza paneli zifike wati 150, ndipo ununue betri ya 100Ah tu. Hiyo paneli iliyopo imewekwa wapi?

MtuWaKayole:
Juu ya jiko, kando ya mwembe. Fundi alisema kivuli si neno, Mwingi ni joto.

InjiniaWaSola:
Haki mafundi wengine! Paneli inataka mwanga. Joto lenyewe huipunguzia nguvu. Tawi moja likifunika kona tu, umeme unashuka vibaya. Iinamishe nyuzi 10 hivi ili mvua ioshe vumbi. Na hiyo inveta, achana nayo: inakula umeme hata ikiwa haina kazi. Tafuta TV ya 12V, inayotumia betri moja kwa moja.

MkulimaTala:
Mimi sola yangu nililipia kampuni mdogo mdogo kwa M-Pesa. Ukichelewa, taa zinajizima, watoto wanakuangalia tu gizani. Ila ikiharibika kabla hujamaliza deni, wanakuja mbio.

MtuWaKayole:
Nimempigia mama. Mwembe haukatwi ng'o, aliupanda na marehemu baba. Anasema paneli ziende juu ya choo.

InjiniaWaSola:
Mama yuko sawa. Choo kiko hatua ngapi kutoka nyumbani? Zikizidi kumi nunua waya mnene wa 6mm, kwa mwembamba volti 12 hupungua njiani.