Mnaosema "nipo" kwenye tripu halafu mnaingia mitini usiku wa kuamkia safari, uzi huu ni wenu

Wakuu, samahani kwa urefu, lakini hili nisipolitoa nitakuja kumlipukia mtu ofisini asiyehusika.

Hivi kwa nini kila tripu ya Wabongo lazima iwe na watu wa "nipo"? Kundi la WhatsApp likifunguliwa wao ndio wa kwanza. "Nipo." "Niandikeni." "Mimi nipo ndani kabisa." Wanatuma stika za simba, wanauliza kama kambini kuna mahali pa kuchajia simu, wanabishana mpaka aina ya nyama ya kuchoma. Ukifika muda wa kutuma mchango, kimya. Ukiwakumbusha unajibiwa, "Mkuu, mshahara haujaingia, we nihesabu tu." Unawahesabu, maana usipowahesabu utaambiwa una roho mbaya.

Tripu yenyewe ilikuwa ya Pasaka. Kuanzia Ijumaa Kuu mpaka Jumatatu, siku nne za bure, humuombi bosi ruhusa. Mpango: tunatoka Dar alfajiri na magari mawili, Chalinze, Segera, Same, Moshi, tunayaacha Arusha, tunachukua Land Cruiser ya kukodi, tunalala Mto wa Mbu kwenye mahema, kesho yake Ziwa Natron kwa njia ya Engaruka. Usiku wa pili wenye mapafu wapande mlima wa volkano wa Ol Doinyo Lengai. Mimi nilikuwa kwenye orodha ya kupanda, naomba hilo mlikumbuke.

Ile Land Cruiser haikuwa mbwembwe. Pasaka ni masika, na kila mtu kwenye kundi alielezwa njia ile ikoje. Lami ikishaisha unabaki na vumbi, mawe na makorongo yanayoshuka kutoka nyanda za juu za Ngorongoro na kukatiza barabara. Mvua inanyesha huko juu, wewe uko chini jua linakuchoma utosi, kijana wa Kimaasai anakwambia subiri, maji yanakuja. Unaona kama anakutania. Baada ya muda yanakuja kweli, ya kahawia, yamebeba matawi. Njia hiyo unataka gari iliyonyanyuka, inayovuta magurudumu yote manne, na dereva anayejua kusoma mchanga.

Na gari ya kukodi bei yake ni ya siku, haiulizi mko wangapi. Mkiwa saba mnagawana kwa saba, mkiwa wanne mnagawana kwa wanne. Hesabu ya darasa la tatu hiyo.

Sasa sikilizeni. Alhamisi saa nne usiku, mahema yako kwenye buti, nyama imeshatiwa viungo, wa kwanza anaandika: "Wakuu, nimepata dharura ya kifamilia, mtanisamehe." Tukampa pole. Hata pole haijapoa, wa pili naye: bosi kamuita kazini. Ijumaa Kuu! Wa tatu ndiye kiboko. Hakuandika kitu, alijitoa tu kwenye kundi. Ukipiga simu inaita mpaka inakata, baadaye haipatikani kabisa. Na huyo ndiye aliyekuwa na jiko la gesi pamoja na lile hema kubwa, ambalo wala si lake.

Tulivyofika Arusha, wenye gari walitaka pesa yote ndipo watoe ufunguo. Siwalaumu, biashara ndivyo ilivyo. Tulijikung'uta tuliobaki wanne, haikutosha, na kianzio hakirudi. Ikabidi tuendelee na gari ileile tuliyotoka nayo Dar, ya mshikaji wetu, gari ya chini ya kwendea kazini ambayo uzoefu wake wote ni foleni ya Mwenge.

Korongo la kwanza tukavuka salama, tukapiga na makofi. Mbele ya Engaruka tukakuta jingine lina maji. Wote chini, viatu mkononi. Mmoja akatangulia kupima kina kwa miguu, yakamfika chini kidogo ya magoti, akatuashiria njooni. Gari ikaingia, ikafika katikati, tairi za mbele zikaanza kuzunguka zinarusha mchanga wa kijivu, ikakaa. Kila dereva akikanyaga moto inajizika zaidi, mpaka bampa ikalala kabisa. Tukachimba kwa sufuria ya wali, kwa sababu sepetu ni kifaa cha ile Land Cruiser. Magodoro ya kulalia tukayatandika chini ya tairi. Tukiwa kwenye hali hiyo ikaja gari ya watalii, ikavuka pembeni yetu bila hata kupunguza mwendo sana, na mzungu mmoja akachungulia dirishani akatupiga picha. Huko Ulaya sasa hivi kuna albamu tumo, nimeinama na sufuria.

Waliotutoa ni vijana wa Kimaasai waliokuwa wanachunga jirani. Walisimama na fimbo zao wakaangalia, wakacheka kwa adabu, tukapatana bei, wakasukuma. Bei ilikuwa ya moto kidogo, lakini wangeondoka tungelala pale pale. Pesa hiyo ilitoka kwenye fungu la mlima.

Kwa hiyo tukafika Engaresero, kijiji cha hapo Natron, jua linazama. Mnaolijua Natron mnajua tulichokosa. Hapo ndipo heroe wadogo (wale ndege flamingo) wa Afrika Mashariki wanapozaliana, kwenye magadi ambayo wanyama wengi hawawezi hata kuyasogelea, na mimi niliona mstari wa waridi kwa mbali kisha giza. Zile nyayo za watu wa kale zilizoganda kwenye majivu ya volkano, zaidi ya 400, hatukuziona, maana kesho yake ilibidi tuwahi kurudi kabla mawingu ya kule juu hayajaanza kujikusanya tena. Maporomoko tuliyaona, tukaoga, hayo nashukuru.

Lengai ndio usiseme. Mita 2,962, mnaanza kupanda kwenye saa sita usiku ili mfike juu alfajiri kabla joto halijawa joto. Kiongozi wa mlima tulikuwa tumeelewana bei ya kundi, sio ya kichwa, na kundi halikuwepo wala pesa haikuwepo. Ndio volkano pekee duniani siku hizi inayotoa lava ile nyeusi ya kaboneti, ambayo ikipoa na kunyonya unyevu inageuka nyeupe. Mimi niliutazama mlima kutoka chini, nimelala juu ya godoro lenye matope, watu wanne kwenye hema la watu wawili, joto kama tanuri, tumekula wali nusu mbichi uliopikwa kwenye mafiga kwa sababu jiko la gesi limebaki Dar. (Kulikuwa na kundi jingine hapo kambini na spika lao mpaka usiku wa manane. Hao wana uzi wao, unakuja.)

Mtandao ulivyorudi Mto wa Mbu, nafungua status. Mwenye dharura ya kifamilia yuko Kigamboni. Miguu kwenye mchanga, dafu mkononi, ameandika "Pasaka njema kwa wote." Nikajiambia labda ni picha ya zamani. Nikaangalia vizuri, amevaa ile fulana tuliyochapisha kwa ajili ya tripu! Jina la Natron liko kifuani, yeye yuko ufukweni!

Na ndiye huyo huyo aliyenitumia meseji Jumanne asubuhi: "Mkuu, kwa kuwa sikusafiri, naomba nirudishiwe mchango wangu." Alitoa nusu, na nusu yenyewe niliidai mpaka nikaonekana mkopeshaji wa kausha damu.

Najua kuna watakaokuja hapa kusema dharura zipo, nisiwe mkali. Zipo. Mwenye msiba simdai, na hata ningekuwa nimelipia kila kitu ningempelekea rambirambi juu yake. Lakini mwenye msiba anapiga simu, sauti unaisikia. Aliyeitwa na bosi anasema tangu mchana ili mtafute mtu wa kuziba nafasi. Walikuwepo wawili walioomba kuja tukawaambia gari imejaa. Gari imejaa watu wa "nipo"!

Kwa hiyo wewe wa Kigamboni, najua humu unapita. Ada ya kuingia na ya kulala kambini inatozwa kwa kichwa. Wewe hukuingia wala hukulala, kwa hiyo fungu lako la hapo nimekutumia leo, angalia simu yako. Lililobaki lilienda kwenye kianzio cha Land Cruiser, na hilo usiniulize tena. Risiti ya kianzio ninayo, ya mafuta ninazo zote. Ya kusukumwa kwenye korongo sina, wale vijana hawana mashine ya EFD.

Wa kuitwa na bosi, wewe hukutoa hata shilingi, hatuna cha kuongea.

Na wewe uliyejitoa kwenye kundi: rudisha hema. Ni la dada yangu, na ameshaanza kuliulizia.