Naomba ushauri: fondyu imenikatikia na wageni wanakuja Jumamosi

Habari zenu wapendwa. Jumamosi nina wageni sita na nimeshajitapa kwamba tutakula fondyu, ile jibini ya kuyeyushwa ya Uswisi, kila mtu anachovya kipande chake cha mkate kwenye chungu kimoja. Jana nikafanya majaribio. Aibu tupu.

Nilikuna gramu 400 za jibini, nusu Gruyère nusu Emmental. Nikaacha divai nyeupe ichemke kwelikweli, kisha nikatumbukiza jibini yote kwa mpigo. Muda si muda mafuta yakaelea juu, chini likabaki donge linalovutika kama ulimbo. Nilipoinua mwiko, donge zima likaja nao!

Nimeshaambiwa jibini inataka moto mdogo, itiwe kidogo kidogo, na ichanganywe kwanza na wanga wa mahindi ili isikatike. Hilo nimelielewa. Ninapokwama ni kwingine: wageni wawili hawatumii kilevi. Nikitumia supu ya mboga na maji ya limau badala ya divai, uchachu huo utatosha kuilainisha jibini? Limau kiasi gani, isije ikawa kali?

Halafu majani ya kutia ladha. Nina thaimu na rozmari mbichi. Niyachemshe mwanzoni na supu kisha niyachuje, au niyakatekate na kunyunyizia mwishoni? Rozmari naiogopa, ikizidi kidogo tu unahisi unakula sabuni.

Mliowahi kuipika, nisaidieni. Jibini ya kuchezea sina tena.